Kiwiko Kinapouma Msimu wa Jembe

Mvua zikishakolea, kuanzia kata ya Kasanda hadi ya Gwanumpu watu wako shambani: kulima, kupanda, kupalilia. Ndipo wengi, hasa wa miaka 35 hadi 55, huanza kujishika upande wa nje wa kiwiko. Hospitalini utaambiwa ni kiwiko cha tenisi, na huwapata sana watu wa kazi za mikono. Kano zinazoinua kiganja zimeumia pale zinapojishikiza kwenye mfupa. Mengi ya kusaidia yako hapo nyumbani.

1. Jipime. Nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, kisha kiinue huku mwenzako akikikandamiza. Maumivu yakichoma upande wa nje wa kiwiko, huenda ni kiwiko cha tenisi. Ganzi ya vidole, uvimbe wenye joto au maumivu baada ya kuanguka ni habari nyingine: nenda zahanati.

2. Anza na ugali. Tunalaumu jembe tu, wakati mwiko nao unaumiza kila siku. Ugali wa muhogo ni mzito, unanata, na kuusonga kwa mkono mmoja kunakaza misuli ile ile iliyochoka. Weka sufuria chini kwenye mafiga mafupi, mtu mwingine aishikilie kwa kitambaa. Shika mwiko mrefu kwa mikono miwili, sukuma kwa mabega, usikunje kifundo cha mkono. Na kama kuna kijana wa kiume nyumbani, apewe mwiko asonge. Najua baadhi ya nyumba hilo bado ni gumu, lakini mama anayelala na maumivu na kuamkia mwiko ule ule atapona lini?

3. Nenepesha mpini. Mpini mwembamba unakulazimisha kuubana. Uzungushie kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, noa jembe, legeza vidole.

4. Omba kutwikwa. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Ikishakaa kichwani kiwiko kinapumzika. Kinachokiumiza ni kuinyanyua na kuitua. Vitu vidogo vibebe kiganja kikitazama juu.

5. Blanketi usilikamue. Kukamua nako kunakaza misuli ile ile. Lianike likichuruzika.

6. Usiuache mkono ukae bure. Lalisha mkono mezani, kiganja kitokeze ukingoni kikitazama chini, kimeshika chupa ya maji ya nusu lita. Kiinue kwa msaada wa mkono usiouma, kisha kishushe chenyewe, taratibu. Fanya mara 10 hadi 15 kila siku. Kuuma kidogo si neno. Kukiuma zaidi kesho yake, punguza maji.

7. Usikimbilie sindano. Ile ya steroidi hutuliza haraka, na hapo ndipo mtu hurudia kazi zote. Katika utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2006, takriban watu 7 kati ya 10 waliochomwa walirudiwa na maumivu.

8. Sema nyumbani. Ugonjwa huu hauna kidonda wala bandeji, kwa hiyo ni rahisi kuitwa mvivu. Asiyeweza kushika hata kikombe cha chai hukosa usingizi, huwa mkali kwa watoto, na huanza kujiona mzigo. Waambie wazi kinachouma na kazi zipi zinaumiza. Wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji, kwa hiyo gawaneni kazi za msimu mzima, si za wiki moja.