Okidi na Majira ya Kiu

Watu wengi waonapo mmea umeota juu ya tawi la mti husema, "Mmea huu waunyonya mti." Iko mimea ifanyayo hivyo, lakini okidi haimo. Mizizi yake hushika gamba tu, wala haiingii ndani kutafuta utomvu. Maji yake ni ya mvua na umande, na chakula hukipata katika majani yaozayo penye mizizi.

Katika Tanzania iko okidi moja yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi, mfano wa ngozi ya chui. Wataalamu huiita Ansellia africana, kwa jina la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeiona mwaka 1841 katika kisiwa kiitwacho leo Bioko. Mashina yake ni kama miwa midogo. Mizizi mingine huelekea juu, imechongoka kama sindano, ikafanya kikapu cha kudaka majani yaangukayo.

Usipande mti kuing'oa. Tunda moja la okidi lina mbegu nyingi kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Pasipo ukuvu fulani wa kuzilisha haziwezi kuota, na mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Pande za Geita miti hukatwa kwa mkaa na kwa magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu. Mti ukianguka, okidi iliyo juu yake hufa juani. Ukiikuta hapo, omba ruhusa kwa wenye msitu, ndipo uichukue pamoja na kipande cha tawi lake.

Nyumbani usiitie udongo, maana mizizi yataka hewa. Chukua chungu chenye matundu, tia vipande vikubwa vya mkaa na vigae, kisha ukiweke barazani upande wa mashariki, kipate jua la asubuhi. Majani yakiwa ya kijani kizito sana, nuru haitoshi, na maua hutayaona. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe na kuunguza ncha za mizizi. Tena tazama mizizi yenyewe: ikikauka ni myeupe kama chokaa, ikilowa hugeuka kijani. Hiyo ndiyo saa yako ya kunywesha.

Basi mbona okidi nyingi za nyumbani hustawi majani tu? Kwa sababu mwenyewe huihurumia mwaka mzima. Katika Shinyanga mvua huanza kama Novemba na kukoma karibu na Mei. Wakati wa mvua shina jipya hukua, nawe uilishe kwa maji ya samadi yaliyozimuliwa hata yawe kama chai nyepesi. Shina likiisha kukomaa, acha samadi, punguza maji. Baadhi ya majani yataanguka, usiogope. Nyunyiza kidogo tu mashina yaanzapo kukunjamana. Wasukuma hufunga ngitili wakati wa mvua ili nyasi zipumzike na kurudi. Okidi nayo ina majira yake ya kupumzika, ila yake ni kiangazi. Wala usikate mashina ya zamani, kwa kuwa ndiyo ghala ya mmea.

Lakini ile okidi ya madukani yenye majani mapana, iitwayo Phalaenopsis, asili yake ni Asia, nayo haina ghala. Usiikaushe kabisa. Yenyewe huamshwa na usiku wa baridi wa Juni na Julai. Maua yakiisha, kata bua juu ya kifundo cha pili au cha tatu, huenda likachipua tena.

Chipukizi la maua likionekana, rudisha maji kidogo kidogo, wala usikigeuze chungu: bua hufuata nuru, na ukilizungusha kila siku litapinda na vitumba vyaweza kudondoka.