Daraja kati ya Lugha Mbili Ndani ya Simu

Programu za simu zenye mfumo wa Android huandikwa kwa kawaida kwa lugha ya Java au Kotlin, na zile za iPhone kwa Objective-C au Swift. Mtaalamu atakaye kuwahudumia watu wa pande zote mbili hulazimika basi kuandika kazi ile ile mara mbili. Ili kupunguza adha hiyo, mwaka 2015 kampuni ya Facebook ilitoa React Native, ambamo sehemu kubwa ya programu huandikwa mara moja tu kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za intaneti.

Hata hivyo, JavaScript haiwezi peke yake kuifikia kamera wala kipima-mchapuko. Vyombo hivyo hutawaliwa na msimbo asilia wa simu. Hebu tufikirie makarani wawili walio katika vyumba mbalimbali, wakiwasiliana kwa tarishi. Katika utaratibu wa awali wa React Native, ombi la JavaScript liligeuzwa kuwa maandishi, likawekwa kwenye foleni, likapelekwa kwa mafungu, kisha likafasiriwa upande wa pili. Mpelekaji hakusubiri, jibu lilimjia baadaye.

Ucheleweshaji huo si jambo dogo katika maabara. Mwanafunzi wangu mmoja aliining'iniza simu kwa uzi wa mita 1 ili akadirie mchapuko wa mvutano wa dunia. Programu yake ilisoma saa pale tu ujumbe ulipoufikia upande wa JavaScript, ambao wakati huo ulikuwa ukishughulika kuchora grafu. Bembeo moja la sekunde 2.0 likaonekana kuwa la 2.1. Tukitumia kanuni g = 4π²L/T², kipindi cha kwanza chatupatia 9.9, na cha pili 9.0 tu. Kijana alidhani uzi wake ni mbovu, akaubadilisha mara tatu! Dawa ilikuwa kuandika wakati wa kila kipimo upande wa asilia, kipimo kilikozaliwa, kabla hakijapanda darajani.

Tangu toleo la 0.76 la mwaka 2024, utaratibu mpya ndio wa kawaida: JavaScript hukishika moja kwa moja kitu kilichoandikwa kwa C++ na kukiita bila tarishi. Lakini anayeita hivyo aweza kulazimika kungoja jibu, na skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde huipa kila picha milisekunde 16.7 tu. Kwa hiyo kazi ndefu, kama kusoma faili kubwa, bado yafaa ipelekwe kando.

Zoezi: Mwanafunzi apime mabembeo 10 kwa pamoja, ucheleweshaji wa jumla ukiwa ule ule wa sekunde 0.1. Je, g itakuwa ngapi, na kwa nini kosa limepungua?