Faili la Manila Si Jalada Tu

Anayetaka kujitengenezea shajara mseto, yaani daftari la kuandikia, kuchorea na kubandikia vitu, huambiwa atafute karatasi nzito za wasanii. Mimi nasema aanzie duka la vifaa vya ofisini pale Singida mjini. Karatasi ya A4 ya gramu 80 hupokea kalamu vizuri lakini hujikunja ikiloa. Manila huvumilia maji na gundi. Kaki ya bahasha hupendeza kwa chaki na penseli nyeupe. Kazi ya mseto hudai nyuso za aina mbalimbali, na ofisi inazo tayari. Hata jina la manila lina asili ya ugumu: linatokana na mji wa Manila, Ufilipino, kulikotoka nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba, zilizotengenezea karatasi hiyo hapo awali. Kuifanya jalada tu ni kuipunja.

Kunja karatasi nane za A4 katikati, uzipachike moja ndani ya nyingine; utapata kurasa 32 za A5. Kila baada ya karatasi mbili tia kipande cha manila cha kipimo hichohicho, na katikati kabisa bahasha ya kaki iliyofunguliwa. Nyuzi za A4 kwa kawaida hulala kwa urefu, kwa hiyo mkunjo huu unazikata na utajaribu kufunguka; usugue kwa ukingo wa rula, kisha uulaze usiku kucha chini ya kaunta buku kadhaa. Atakayeuliza kwa nini tusipige stepla ana hoja, maana ni haraka. Ila mkono wa stepla ya kawaida haufiki katikati ya A4, na pini zake hushika kutu rangi ya maji inapozigusa, zikaacha doa la kahawia kwenye kurasa. Uzi hauna kasoro hiyo. Toboa matundu matatu kwa pini ya ubaoni, moja katikati na mengine sentimita 5 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimita 55 unatosha: anzia ndani, toka kwa tundu la kati, ingia kwa la juu, ruka la kati utoke kwa la chini, urudi ndani kwa la kati, ufunge fundo juu ya uzi mrefu. Shazia ya kushonea magunia ya alizeti ni nene mno hapa. Tumia sindano ya nguo.

Kwenye rangi ndipo ofisi inapopungukiwa. Wino wa kalamu za kung'arishia maandishi hufifia upesi ukipigwa na jua, na jua la Singida halina huruma. Udongo mwekundu haufifii hivyo. Michoro ya miambani ya Kondoa, katika mkoa jirani wa Dodoma, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ilichorwa zaidi kwa wekundu wa aina hiyo, na bado inaonekana. Twanga udongo mkavu, uchekeche kwa kitambaa laini, uchanganye na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, upake kwenye manila. Petali za alizeti zikaushwe kwanza ndani ya gazeti kabla ya kubandikwa. Gundi ya unga wa ngano ni nafuu, lakini huwavutia mende.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba tunahimiza watu kubeba mali ya ofisi. Hapana, nunua, au omba karatasi zilizoharibika. Na hizo nazo zichambue: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda majina, namba na taarifa za afya za watu. Karatasi yenye taarifa za mtu, hata upande mmoja ukiwa mweupe, irudishe ikachanwe ofisini.