Kivuli na Mwenye Kivuli: Jinsi ya Kufundisha Hadithi za Agano la Kale katika Kipindi cha Dini

Wanachuo wengi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hudhani kwamba kipindi cha dini ni kipindi chepesi. Hadithi zipo tayari kitabuni, na watoto hupenda kusikiliza. Sisi ambao kazi yetu ni kukaa nyuma ya darasa na kutazama tumeona mara nyingi kuwa sivyo ilivyo, na tungependa kueleza sababu.

Katika shule moja ya pwani, baina ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, mwanachuo mmoja alifundisha kikundi cha wanafunzi Wakristo wa Darasa la Tano hadithi ya Ibrahimu na Isaka, kutoka Mwanzo sura ya 22. Alisimulia vema: safari ya siku tatu, mwana aliyebebeshwa kuni, swali lake kuhusu mwana-kondoo, na kondoo dume aliyenaswa kichakani. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Lakini kabla watoto hawajapata nafasi ya kupumua, mwalimu aliandika ubaoni: "Isaka = Yesu." Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, Isaka hakuchinjwa. Basi na Yesu hakufa? Mjomba wangu husema hakufa." Mwalimu akamwamuru akae na aache ubishi. Mtoto akakaa, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Swali la mtoto yule lilikuwa bora kuliko maandishi ya ubaoni. Aliona kosa ambalo mwalimu hakuliona. Makala hii yahusu kosa hilo na namna ya kuliepuka.

Maana ya kivuli

Tangu mwanzo Wakristo wamesoma hadithi za Agano la Kale kwa namna mbili pamoja. Kwanza, ni habari za watu wa kale na Mungu wao. Pili, ni dalili za wokovu ambao Wakristo husadiki kuwa ulitimizwa na Kristo. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 10, hutumia neno kivuli kueleza jambo hili. Na Paulo, katika Warumi sura ya 5, humwita Adamu mfano wa yule atakayekuja.

Neno kivuli ni zuri kwa mwalimu kwa sababu mtoto anakijua kivuli. Basi msianze kwa maelezo. Anzeni kwa jaribio. Asubuhi, jua lingali chini, tungeni shuka jeupe kati ya miti miwili, jua likiwa upande wa pili. Mtoto mmoja asimame nyuma ya shuka akiwa na ndoo kichwani. Wengine waseme wanaona nini. Watataja umbo la mtu, urefu wake, na kitu alichobeba. Waulizeni: anaitwa nani? Nguo yake ni ya rangi gani? Ndoo ina maji au ni tupu? Hawatajua. Kisha ondoeni shuka. Watoto watagundua wenyewe mambo mawili: kivuli hakikuwadanganya, na kivuli hakikuwaambia yote.

Hapo ndipo lilipo kosa la alama ya "ni sawa na" kati ya Isaka na Yesu. Kivuli hakiwi sawa na mwenyewe. Hufanana naye katika mambo kadha wa kadha, kisha huishia.

Hatua nne za somo

Hatua ya kwanza: hadithi isimame kwa miguu yake yenyewe. Mtoto amjue Ibrahimu kuwa baba mwenye hofu, na Isaka kuwa mwana anayeuliza swali gumu njiani. Hadithi hizi ni Maandiko matakatifu ya Wayahudi, ambao huzisoma hadi leo bila kuzihusisha na Kristo, na bado huzipata zimejaa maana. Mwalimu akiifanya hadithi kuwa ngazi tu ya kupandia kwingine, mtoto hujifunza kuidharau.

Hatua ya pili: kiungo kitoke katika Maandiko, si katika kichwa cha mwalimu. Agano Jipya lenyewe limefunga viungo kadhaa vinavyotosha kwa shule ya msingi. Gharika ya Nuhu imeunganishwa na ubatizo katika 1 Petro 3. Kuvuka bahari kumetajwa katika 1 Wakorintho 10, na mwana-kondoo wa Pasaka katika sura ya 5 ya waraka uo huo. Nyoka wa shaba wa Hesabu 21 yumo katika Yohana 3. Siku tatu za Yona zimo katika Mathayo 12. Isaka yumo katika Waebrania 11. Mwalimu anayetafuta kivuli cha msalaba katika kila fimbo na kila mti wa Agano la Kale huwafundisha watoto kubahatisha.

Hatua ya tatu: gaweni ubao sehemu mbili, "Yanayofanana" na "Yasiyofanana". Katika hadithi ya Isaka, upande wa kwanza watoto wataandika: mwana mpendwa, kubeba kuni na kubeba msalaba, kondoo aliyekufa mahali pa mtu. Upande wa pili: Isaka hakufa, lakini Yesu, kwa imani ya Wakristo, alikufa na kufufuka, Isaka hakujua aendako, lakini Yesu alijua, yule kondoo alikuwa kwa ajili ya mtu mmoja, ilhali Wakristo husadiki kwamba Yesu alijitoa kwa ajili ya wote. Msiiogope safu ya pili. Ndiyo inayomwonyesha mtoto kwa nini Wakristo walisema kwamba kivuli peke yake hakikutosha.

Hatua ya nne: semeni wazi kwamba hii ni imani. Maneno "Wakristo husadiki" hayapunguzi nguvu ya somo. Humwonyesha mtoto tofauti kati ya kilichoandikwa katika hadithi na kile ambacho watu wa dini yake wameungama juu yake.

Mfano wa kufundishia si kivuli

Mwalimu wa kusini anayo mifano mingi ya kuwasaidia watoto waihisi hadithi. Afundishapo kitabu cha Kutoka, anaweza kueleza kwamba mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kwa chombo mpaka Lindi, kisha kwa miguu mpaka Masasi, wakaanzisha kijiji. Anaweza pia kueleza jinsi watu wengi wa Msumbiji walivyouvuka Ruvuma kuja Tanzania wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Pengine darasani yumo mjukuu wa mmoja wao. Mtoto huyo hahitaji kuelezwa sana maana ya kuvuka maji ukiwa na hofu nyuma yako.

Hata hivyo, mwalimu atenganishe mambo mawili. Habari za Masasi na za Ruvuma ni mifano ya kufundishia: huufanya moyo wa mtoto uikaribie hadithi. Si vivuli kwa maana ya Maandiko, na zisitajwe hivyo. Tena watu wale walikuwa na historia yao wenyewe na mateso yao wenyewe. Tusiwageuze kuwa picha za ukutani.

Mtoto na mjomba wake

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Pwani yetu ina Waislamu wengi, na katika nyumba nyingi ndugu wa dini mbili hula sahani moja. Mtoto atokaye kipindi cha dini huenda nyumbani na hadithi yake, akaisimulia mbele ya watu wanaoijua kwa namna nyingine.

Kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu kuyajua yale ya jirani. Sura ya 37 ya Qurani yasimulia habari ya Nabii Ibrahimu na mwanawe bila kumtaja mwana huyo kwa jina. Waislamu walio wengi husadiki kuwa ni Ismaili, na tukio hilo hukumbukwa katika Idd el-Hajj. Katika sura iyo hiyo imo habari ya Yunus aliyemezwa na samaki. Na kwa msingi wa sura ya 4, Waislamu husadiki kwamba Isa hakuuawa msalabani.

Mwanachuo yule angeweza kujibu hivi: "Umesikiliza vizuri. Isaka hakuchinjwa, hapo ndipo kivuli kinapoishia. Wakristo husadiki kwamba Yesu alikufa kweli na kufufuka. Mjomba wako ni Mwislamu, na Waislamu husadiki vingine. Mheshimu mjomba wako, nawe ujue vema yale ambayo Kanisa lako hufundisha." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Mtoto angekaa akiwa na jibu, wala asingelazimika kuchagua kati ya mwalimu wake na mjomba wake.

Mazoezi

1. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 juu ya Pasaka (Kutoka 12) kwa Darasa la Tano, ukifuata hatua nne zilizotajwa. Onyesha safu zote mbili za ubao.

2. Andika maswali matatu ambayo mtoto mwerevu anaweza kuuliza juu ya Yona, na jibu utakalotoa kwa kila moja.

3. Jadilianeni katika vikundi, wanachuo Wakristo na Waislamu pamoja: ni maneno gani ya mwalimu huweza kumwaibisha mtoto mbele ya jamaa zake?

Tunawaomba mlifanye zoezi la tatu kabla ya yale mengine.