Dondoo muhimu: Anga lenye mistari

Machweo yaliyopigwa picha kutoka Milima ya Iveti, Machakos, mara nyingi hutoka na mistari angani badala ya rangi kufifia taratibu. Kwanza itazame picha kwa asilimia 100, tena kwenye skrini nyingine. Mistari ikitoweka, picha yako ni nzima.

Ikibaki, shuku JPEG. Hubeba viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi; RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Piga kwa RAW, hariri kwa biti 16, na usikoleze rangi kupita kiasi. JPEG iliyokwisha kuharibika haiponi kwa kugeuzwa biti 16. Iongezee chembechembe kidogo angani, mistari itafifia.

Mteja akitaka picha kwa WhatsApp, mtumie kama faili, isibanwe upya.