MCHEZA KAMARI NA MCHEZESHA KAMARI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Neno kamari asili yake ni Kiarabu, qimar. Maana yake katika sheria ni kila mchezo au sharti ambalo kila aliyeingia humo yu baina ya mambo mawili: ama apate mali ya mwenziwe, ama apotewe na yake. Mali hiyo iliyowekwa ndiyo iitwayo dau.

Katika Qurani kamari imetajwa kwa jina la maisir. Baadhi ya maulamaa wa lugha wamesema limetokana na yusri, yaani wepesi, kwani mchezaji hutaka mali pasipo jasho. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakinunua ngamia, wakimchinja, kisha wakitia mishale kumi mkobani. Mishale saba ilikuwa na mafungu, tangu fungu moja hata saba, na mitatu haikuwa na kitu. Mwenye kuitoa mishale aliitwa hurdha. Waliotokewa na mishale mitupu walilipa thamani ya ngamia wasionje nyama. Waliokula waliwapa maskini nyama hiyo, wakajifakhirisha. Na asiyeingia mchezoni wakamwita baram, jina la kumfedhehi.

Basi kamari ile ilikuwa na sura ya ukarimu. Kwa hivyo aya ya 219 ya Suratul Baqara ikakiri kuwa mna manufaa humo, lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha aya za 90 na 91 za Suratul Maida zikaikataza kabisa, zikaihesabu pamoja na ulevi na masanamu kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, zikataja na sababu: hutia uadui na chuki baina ya watu, na huwazuia na kumkumbuka Mungu na kusali.

Ikiwa kamari iliyolisha maskini imeharimishwa, itakuwaje ile isiyomlisha ila mwenyewe?

Wachezaji wa pwani wana tamko lao. Aliyeshinda husema, "Nimekula", aliyeshindwa husema, "Nimeliwa." Ndimi zao zimeshuhudia wenyewe, kwani aya ya 29 ya Suratun Nisaa imewakataza Waislamu wasiliane mali zao kwa njia ya batili.

Ama yule anayepokea madau ya watu, jina lake la sawasawa ni mchezesha kamari, kama vile msomesha ni yule anayemfanya mwengine asome. Huyu hupanga malipo kwa hisabu, hata wakishinda hawa au wakishinda wale, kwa siku nyingi fungu lake lisipungue. Fedha anayomlipa aliyekula ni fedha ya walioliwa.

Mchezesha hujitetea kwa kusema kuwa yeye hachezi; kazi yake ni kupokea na kuandika tu. Jawabu yake ni hii. Kwanza, kila aliyeweka dau kwake ameshindana naye, basi naye ni mchezaji, tena ndiye mla mkubwa. Pili, aya ya 2 ya Suratul Maida imekataza kusaidiana katika dhambi. Na katika riba Mtume S.A.W. amemlaani mlaji na mlishaji na mwandishi na mashahidi wake, akasema wote ni sawa. Kadhalika haifai kumpangisha mtu duka hali yajulikana kuwa atachezeshea kamari humo.

Wala haikuharimishwa kila zawadi. Katika mashindano ya farasi na ngamia na kutupa mishale, imejuzu zawadi itolewe na mtawala, au na mmoja wa washindani peke yake. Wakitoa wote wawili, madhehebu ya Imamu Shafii yamesharutisha aingie wa tatu asiyetoa kitu, aitwaye muhallil, naye awe aweza kuwashinda. Bila ya hivyo ni kamari.

Siku hizi mchezesha hakai barazani. Yumo ndani ya simu, na dau ni juu ya mpira wa miguu. Vijana husema wanabeti, na orodha ya mechi walizobashiri huiita mkeka. Wakiliwa, husema mkeka umechanika. Mkeka ni kitu cha kukalia na jamaa na cha kusalia. Kulipa jambo jina zuri hakugeuzi hukumu yake. Mtume S.A.W. amemwamrisha aliyemwita mwenziwe wacheze kamari atoe sadaka, kwa neno hilo tu. Seuze aliyelipa dau.

Anayetubu na aache, ajute, aazimie kutorejea. Mali aliyoila awarudishie wenyewe akiwajua. Asipowajua, aitoe kwa mafakiri au kwa maslaha ya Waislamu, wala asitumai thawabu ya sadaka kwa kitu kisicho chake.

Mwenyezi Mungu awatosheleze Waislamu kwa halali yake, wasiihitaji haramu. Amin.