RAV4 au X-Trail: bei moja, hesabu mbili

Mnunuzi anayeingia yadi ya magari Dar es Salaam aweza kukuta Toyota RAV4 ya lita 2.4 na Nissan X-Trail ya lita 2.0, zote za mwaka 2008 kutoka Japani, kwa bei moja. Aanze na ushuru. Uchakavu ni sawa, maana umri ni mmoja. Lakini injini ya lita 2.0 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5, inayozidi hapo asilimia 10. Ikiwa faida ya mwenye yadi ni ileile, RAV4 ilinunuliwa Japani kwa fedha pungufu. Aikague zaidi: injini yake, 2AZ-FE, ina sifa ya kula oili.

Giaboksi zote mbili ni za CVT na hutaka mafuta yake maalumu. Fundi akimimina ya kawaida, giaboksi haidumu.

Hata hivyo, mtaji ukikwama, RAV4 hupata mteja upesi. Anayenunua kwa fedha ya mzunguko wa duka achukue hiyo. Atakayekaa na gari miaka mitano, X-Trail inamtosha, na kituo cha petroli atakipita mara nyingi zaidi.